Ramadhani, Siku ya 13: Kuamrisha ni rahisi, kumfanya mtu akubali kwa moyo ndiyo kazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu, mama zangu, wazee wangu na vijana wetu, Allah azitakabali swaumu zetu na visimamo vyetu. Darsa la leo ni refu kidogo kuliko siku nyingine, naomba mnivumilie. Aliyeko jikoni asome baada ya tarawehe, anayesubiri gari kituoni asome sasa hivi.

Leo nilipanga tuendelee na adabu za kusoma Qur'ani. Nimeahirisha. Kuna jambo limetokea hapa hapa kwenye chaneli yetu, na aliyelifanya ni mimi, kwa hiyo si vizuri nilipite kimya kana kwamba halikuwepo.

*Tangazo la siku ya nne*

Wengi mnalikumbuka. Siku ya nne ya mwezi, baada ya Isha, niliweka hapa tangazo fupi la kamati. Lilisema kuanzia kesho futari ya msikitini italetwa na mpishi wa kukodiwa, kwa fedha za mfadhili, na jiko la nyuma litafungwa. Mistari mitatu tu. Mwisho nikaandika kwamba uamuzi umeshapita, tushirikiane.

Uamuzi wenyewe ulikuwa na sababu zake. Wanaofuturu msikitini wameongezeka: wasafiri, vijana wa bodaboda, wanafunzi waliopanga vyumba mtaani. Jiko letu ni la kuni, moshi unaingia upande wa wanawake wakati wa sala ya Magharibi. Na mwaka jana kuna siku futari iliisha watu bado wamekaa kwenye mikeka, wakabaki na tende na maji. Kamati ilikaa, ikajadili, ikaamua. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Lakini jiko lile lina wenyewe. Kuna mama zetu ambao tangu kabla sijapewa uimamu wamekuwa wakikuna nazi pale, wakimenya mihogo na magimbi, wakikoroga uji wa pilipili manga, nao wamefunga, na majumbani kwao kuna futari nyingine inawasubiri. Hatujawahi kuwalipa hata shilingi. Na katika sisi wanakamati wote, hakuna hata mmoja aliyekwenda kukaa nao kwenye mkeka akawaambia, "Mama zetu, tuna tatizo hili, tunafikiria hivi." Walijua kwa tangazo, kama alivyojua mtu mwingine yeyote.

Kesho yake asubuhi mkubwa wao alimtuma mjukuu wake aniletee ufunguo wa jiko. Mtoto akasema, "Bibi kasema ufunguo huu hapa." Basi. Hakuna neno jingine.

Futari ikaletwa, watu wakala, wakashiba, nikajiambia mambo yamekwenda vizuri. Siku ya sita mke wangu akaniambia safu ya akina mama kwenye tarawehe imepungua. Siku ya tisa akaniambia imepungua tena.

Mimi ni mwalimu pia, na darasa lililonyamaza nalifahamu. Kuna ukimya wa kuelewa, na kuna ukimya wa kumkatia tamaa mwalimu. Ukiingia na fimbo wanafunzi wote watakuitikia "ndiyo mwalimu", halafu jioni ukisahihisha madaftari unakuta hakuna aliyeelewa. Ule ufunguo ndio ulikuwa "ndiyo mwalimu" yangu. Nimeamrisha, nimetiiwa, na nimewapoteza watu.

*Siku Maanswari waliponung'unika*

Hapo nikarudi kwenye sira, na nataka twende pamoja.

Katika mwezi kama huu wa Ramadhani, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliingia Makka kwa ushindi. Wiki chache baadaye, katika Shawwal, vikatokea vita vya Hunayn dhidi ya Hawazin na Thaqif. Waislamu walipata ngawira nyingi sana, ngamia na mbuzi na kondoo, na Mtume (s.a.w.) akaigawa mahali panapoitwa Ji'rana, karibu na Makka.

Sasa tazama alivyogawa. Wakubwa wa Makuraishi na wa makabila, watu ambao jana tu walikuwa maadui au wameingia Uislamu juzi, akawapa kwa mkono mkubwa. Abu Sufyan alipata ngamia 100. Safwan bin Umayya alipata 100. Uyayna bin Hisn naye 100. Na Maanswari, watu wa Madina, waliompokea alipofukuzwa, waliosimama naye Badr na Uhud na Khandaq, hawakupata kitu.

Ikawauma. Vijana wao wakasema maneno, kwamba Mtume anawapa Makuraishi na kutuacha sisi, ilhali panga zetu bado zinadondoka damu yao. Jamani, tusiwaone Maanswari wabaya kwa hili. Ni binadamu. Mtu aliyetoa sana, siku akihisi amerukwa, huumia kuliko aliyetoa kidogo.

Saad bin Ubada (r.a.), mkubwa wa Khazraj, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) akamweleza wazi kwamba Maanswari wana kitu moyoni. Mtume akamuuliza: na wewe, Saad, uko wapi katika hilo? Saad hakujificha. Akajibu kwamba yeye naye ni mmoja katika watu wake.

Kiongozi mwingine angemaliza kesi pale pale. Huyu ni Mtume wa Allah, wahyi unamteremkia. Angeweza kusema: nimegawa, yamekwisha, asiyeridhika imani yake ina kasoro. Nani angempinga? Lakini alimwambia Saad awakusanye watu wake, Maanswari peke yao. Hakuwasema mbele ya jeshi, wala hakuwaacha Makuraishi wasimame pembeni kusikiliza. Aliwaita faragha, kama baba anavyowaita wanawe chumbani.

Akaanza kwa kuuliza: ni maneno gani haya yaliyonifikia kutoka kwenu? Alikuwa ameshayasikia, lakini aliwapa nafasi wayatoe wenyewe. Wenye akili wakasema wakubwa wetu hawakusema kitu, ila vijana wetu ndio waliosema, na wakayataja maneno yenyewe.

Kisha akawakumbusha neema za Allah juu yao. Walikuwa wamepotea, Allah akawaongoza kupitia kwake. Walikuwa mafukara, Allah akawatajirisha. Walikuwa wakiuana wao kwa wao, Allah akaziunganisha nyoyo zao. Wakakubali yote.

Halafu likaja jambo ambalo, wallahi, kila nikilisoma linanisimamisha. Aliwauliza kwa nini hawamjibu. Wakasema tukujibu nini, ewe Mtume wa Allah? Ndipo yeye mwenyewe akawatolea jibu lao. Akawaambia kwamba lau mngetaka mngesema, na mngekuwa wakweli: ulitujia umekadhibishwa na watu tukakuamini, umeachwa tukakunusuru, umefukuzwa tukakupa makazi, una shida tukakuliwaza.

Mmeona? Hoja ya Maanswari aliitoa yeye, tena kwa ufasaha kuliko walivyoweza kuitoa wao. Aliwahesabia fadhila zao kwa mdomo wake, na akakiri kwamba ni kweli. Mtu akishasikia uchungu wake unasemwa sawasawa na yule yule anayemlalamikia, moyo wake unashuka. Kabla ya hapo maneno yote ni kelele.

Baada ya hapo ndipo akawaeleza sababu. Wale niliowapa, imani yao bado changa, nimezivuta nyoyo zao kwa kitu kidogo cha dunia. Ninyi nimewaachia Uislamu wenu. Je, hamridhiki watu warudi makwao na mbuzi na ngamia, nanyi mrudi kwenu na Mtume wa Allah? Akawaambia kwamba lau si hijra angekuwa mmoja wa Maanswari, na kwamba watu wote wakishika bonde moja na Maanswari wakashika jingine, yeye atashika la Maanswari. Akawaombea rehema wao, na watoto wao, na wajukuu wao.

Wakalia mpaka ndevu zikalowa. Wakasema wameridhika.

Na hakuna ngamia hata mmoja aliyebadilisha mwenyewe siku ile. Mgawo ulibaki vile vile. Kilichobadilika ni kwamba sasa walijua sababu yake, na walijua nafasi yao kwake.

Na je, alitimiza? Alirudi nao Madina, akaishi nao, akafia Madina, na kaburi lake liko Madina mpaka leo. Makka ilikuwa mji aliozaliwa, imeshafunguliwa, angeweza kubaki. Hakubaki. Ndiyo maana maneno yale hayakuwa ya kuwatuliza watu kwa muda. Yalikuwa ahadi, na ahadi ililipwa.

*Maneno yakigoma*

Msije mkadhani kila aliyejaaliwa kuongea vizuri atawageuza watu kila mara. Hata kwa Mtume (s.a.w.) kuna siku maneno yalisikika na watu wasinyanyuke. Ni Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Masahaba wapatao 1,400 wametoka Madina kwa nia ya umra, wamezuiliwa, na mkataba umeandikwa ambao machoni mwao ni udhalili. Akawaambia waamke wachinje wanyama wao na kunyoa. Hakusimama mtu. Akarudia mpaka mara tatu.

Aliingia kwa mkewe Ummu Salama (r.a.) akamweleza. Na huyu mama akampa rai: toka, usimsemeshe mtu yeyote, mchinje ngamia wako, umwite kinyozi wako akunyoe. Akafanya hivyo. Walipomwona, wakasimama wote wakachinja na kunyoana wao kwa wao, huku wamejaa majonzi.

Hapa nachukua mawili. La kwanza, watu waliojaa huzuni hawahitaji hotuba ya nne. Wanahitaji kumwona kiongozi akitangulia kufanya. La pili, kiongozi anayewashawishi wengine ni yule ambaye naye anashawishika. Mtume wa Allah alichukua rai ya mkewe ndani ya hema. Sisi kamati yetu ina wanaume watupu, tukaamua habari ya jiko ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuna nazi ndani yake.

*Ulimi mtamu una hatari yake*

Niseme na upande wa pili, kwa sababu neno "ushawishi" kwetu lina harufu mbili. Tunasema fulani ana ushawishi tukimsifu, na tunasema fulani kashawishiwa tukimaanisha kadanganywa.

Katika Sura Ghafir, aya ya 29, Firauni anawaambia watu wake kwamba haoni kwa ajili yao ila lile analoliona yeye, na kwamba anawaongoza kwenye njia ya sawa tu. Maneno mazuri kabisa! Ukiyasikia bila kujua msemaji, ungesema ni mwanamageuzi. Upande wa pili Nabii Musa (a.s.) anakiri mbele ya Mola wake, katika Sura Al-Qasas aya ya 34, kwamba nduguye Harun ana ulimi fasaha kuliko wake, anaomba apewe awe msaidizi. Basi ufasaha peke yake haukumwokoa Firauni, na kukosa wepesi wa ulimi hakukumzuia Musa kuongoza umma. Na bado Allah aliwaambia Musa na Harun, katika Sura Taha aya ya 44, wamwendee Firauni kwa maneno laini. Firauni! Kama Firauni anastahili kauli laini, je, mama aliyetupikia futari miaka yote hii?

Na Mtume (s.a.w.) alituonya kwamba watu hufika kwake kwa mashtaka, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, akahukumiwa kwa anayoyasikia. Aliyepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Hadithi hii kaipokea huyo huyo Ummu Salama. Kwa hiyo mwenye ulimi mwepesi, akiwa mwenyekiti wa mtaa, mzee wa usuluhishi au baba wa nyumba, aogope. Kushinda mabishano na kuwa na haki ni vitu viwili tofauti.

Kipimo nilichokiona ni hiki. Mdanganyifu anakuficha sababu yake ya kweli, na anaharakisha usipate muda wa kuuliza. Mwenye kushawishi kwa haki anakuonyesha sababu yake, anakungoja uijibu, na yuko tayari kurudi nyumbani bila kupata alichokitaka. Kwa kipimo hicho, tangazo langu la mistari mitatu lilikuwa wapi? Halikudanganya. Lakini halikutoa sababu, na lilifunga mlango kabla mtu hajabisha hodi.

*Tulipokaa kwenye mkeka*

Juzi baada ya Alasiri nilikwenda mimi, katibu na mweka hazina, nyumbani kwa yule mama. Wenzake walikuwa wameshaitwa. Nimewaomba ruhusa kuandika haya, wamenipa, ila wamesema nisitaje majina.

Nilikuwa nimejiandaa na maelezo. Idadi ya watu, moshi, kuni, yote nilikuwa nayo kichwani. Nikaanza. Mama akaniacha nimalize, kisha akasema:

"Mwanangu, hayo yote tunayajua. Moshi ule tunauvuta sisi. Hata mimi kifua kinanibana. Mngetuuliza tungekwambieni wenyewe leteni mpishi. Lakini mimi kusoma kwenye simu siwezi. Nimesomewa na mjukuu wangu, nimeshika mwiko mkononi, kwamba jiko limefungwa."

Maelezo yangu yote yakaniishia mdomoni. Nilikwenda kuwashawishi juu ya jambo ambalo walishakubaliana nalo kabla yangu. Kilichowauma nilikuwa hata sijakitaja.

Na hapa lazima niseme wazi, nisije nikajifananisha pasipostahili. Mtume (s.a.w.) kule Ji'rana hakuwa amekosea, alikuwa anawafafanulia watu hekima ya jambo. Sisi tulikosea. Kwa hiyo kabla ya kufafanua chochote tulikuwa tunadaiwa kuomba radhi, nami nilianza na hesabu.

Nikaomba radhi pale pale. Katibu naye akaomba. Mama mmoja alisema amesamehe, mwingine akasema Allah atusamehe sote. Wa tatu alikaa kimya mpaka tunaondoka, na ana haki yake. Moyo hauna saa ya kufunguliwa kama duka.

Wametoa rai: mpishi aendelee na wali na vyakula vizito, wao wabaki na uji na mihogo, kwa jiko la gesi, kwa sababu msafiri aliyefunga siku nzima anataka kwanza uji. Wamesema pia mwaka ujao wakubwa wao wawili wakae kwenye kikao cha kamati cha kupanga futari. Kamati itakaa Jumamosi baada ya Alasiri, na safari hii wao watakuwepo. Sijui tutaafikiana nini. Ufunguo bado uko kwenye mfuko wa kanzu yangu. Nilitaka kuurudisha siku ile, mama akasema, "Kaa nao kwanza, mwanangu, mpaka mzungumze."

Na kwa kuwa tangazo niliweka hapa, radhi nayo naiomba hapa, mbele ya waliolisoma. Mama zetu, tumewakosea. Mmefuturisha watu wa msikiti huu miaka mingi, nasi tulikupeni taarifa badala ya kukuombeni rai. Tusameheni kwa ajili ya Allah.

Naomba pia jamaa asiende mtu kuwahimiza warudi kwenye tarawehe. Mwacheni kila mmoja na moyo wake.

*Kazi ya leo*

Uongozi hauko kwenye mimbari peke yake. Baba ni kiongozi, mama ni kiongozi, mwalimu, mjumbe wa nyumba kumi, mwenye duka aliyeajiri kijana mmoja. Aya ya 159 ya Sura Aal Imran iliteremka baada ya Uhud, vita ambavyo baadhi ya watu walivunja amri na Waislamu wakaumia. Hata baada ya kosa kubwa kiasi hicho, Allah anamwambia Mtume wake kwamba ni kwa rehema Yake amekuwa laini kwao, na angekuwa mkali mwenye moyo mgumu wangemkimbia. Kisha anamwamrisha awasamehe, awaombee maghfira, na awashauri katika mambo. Kama watu wangemkimbia Mtume kwa ukali, wewe na mimi tuna nini cha kuwazuia?

Kabla hujatangaza uamuzi nyumbani au kazini leo, jiulize matatu:

1. Nani ataumia zaidi na uamuzi huu, na je, ameusikia kutoka mdomoni mwangu?
2. Naweza kuisema hoja yake vizuri mpaka akasema, "Hasa, ndicho ninachosema"?
3. Ninachomwahidi, nitakuwepo kukitimiza?

Likikosekana hata moja, subiri. Nenda ukakae kwenye mkeka kwanza.

Ewe Mola wetu, tupe ndimi za kweli na nyoyo laini. Utuepushe na ulimi unaoshinda watu na kupoteza haki zao. Wasamehe tuliowakosea na utusamehe sisi. Walipe mama zetu kwa kila nazi waliyoikuna na kila kikombe cha uji walichokimimina wakiwa na kiu. Tuunganishe Jumamosi kwa kheri. Amin yaa Rabbal aalamin.

Kesho inshaallah tunarudi kwenye adabu za kusoma Qur'ani.

Wabillahi tawfiq. Ndugu yenu, imamu wenu.